Siku Tatu za Kumshinda Shemeji

Jumatatu, 13 Mei

Kikao cha kamati ya mashindano ya baiskeli. Tumekaa ofisini kwangu, kwenye meza ninayochorea ramani za barabara. Siku tatu, hatua tatu, milima kila siku. Nimejiandikisha. Shemeji naye kajiandikisha. Ni mdogo wake mke wangu, mwoka mikate, mwembamba hata watu humwita Sindano. Mimi nina kilo tisini na moja. Watu hawaniiti chochote, angalau mbele yangu.

Siku ya pili ina Mlima wa Mnara, kilomita sita za kupanda. Hapo Sindano angenipotea machoni. Nimewaeleza wajumbe kwamba kwa usalama wa washiriki ni heri tuupite kinyume, yaani tuushuke. Nikawaonyesha kona mbaya kwa penseli nyekundu. Wamekubali. Mzito hushuka upesi kuliko mwembamba. Hiyo si hila, ni elimu.

Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu asiyecheka ovyo, akasema huwezi kugeuza kiuno ukaacha kichwa na miguu. Siku ya pili ikigeuzwa, mashindano yote yageuzwe. Nikasema bila shaka. Nimechora ramani mpya kabla ya chai ya jioni.

Alhamisi, 16 Mei

Shemeji kapita kuiona ramani ukutani. Kaitazama kwa utulivu, unga bado mikononi. Kisha akauliza kama ni kweli siku ya mwisho tutamalizia kwa kupanda kurudi nyumbani.

Nikatazama. Ni kweli.

Mji wetu uko juu. Barabara inayoingia ina urefu wa kilomita kumi na nne, na kabla sijaingiza mkono wangu mashindano yalikuwa yaanze kwa kuishuka. Naifahamu barabara ile kama kiganja changu. Nimeichora mara nne. Lakini mimi huishuka kwa baiskeli na kurudi kwa basi, baiskeli juu ya paa, kwa hiyo sijawahi kuihesabu kama mlima. Sindano huishuka kila alfajiri na mikate na kuipanda na vikapu vitupu.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba shemeji yake atakuwa amesimama ukingoni, akimwuliza kwa upole kama anahitaji kamba.

Jumanne, 21 Mei

Nina mpango. Nimemzawadia Sindano kiti kipya cha baiskeli. Kipana, cha ngozi, na springi mbili nene kama kidole gumba. Uzito: kilo mbili na robo. Nimekipima mwenyewe kwa mizani ya jikoni.

Kakipokea kwa mikono miwili. Mke wangu akasema hajawahi kuniona nikimjali ndugu yake namna hii. Akanipakulia nyama mara ya pili. Nimeila.

Jumamosi, 25 Mei

Sindano kaja kushukuru. Kumbe mgongo ulikuwa ukimsumbua miaka mitatu, na tangu apate kiti kile maumivu yamekwisha kabisa. Anasema sasa anaweza kukaa juu ya baiskeli kutwa nzima.

Jumapili, 2 Juni

Nimeomba twende wote kupeleka mikate, nimchunguze. Nilitaka kujua siri yake ya kupanda: anavuta pumzi vipi, anabadili gia wapi.

Kushuka, sawa. Kupanda, nilisimama kilomita ya tatu, ya tano na ya sita. Kila niliposimama, naye alisimama. Anajifanya anakaza kamba ya kapu. Kilomita ya nane nikamwambia aache unafiki, atangulie, ajifurahishe.

Akatazama chini. Akasema, "Shemeji, mimi sipendi hata mashindano. Dada ndiye aliyeniomba."

Nikauliza kaomba nini.

"Nisikuache peke yako mlimani. Tangu ulipolazwa hapati usingizi ukitoka na baiskeli."

Mwaka jana nililazwa siku sita. Moyo ulikuwa ukiruka mapigo. Daktari aliniruhusu kuendesha baiskeli mradi nisishindane na mtu, na nyumbani nilieleza nusu ya kwanza tu ya maneno yake. Nilidhani nimeficha vizuri. Kumbe mke wangu amekuwa akihesabu dakika zangu dirishani, na huyu mwembamba, anayeamka saa tisa za usiku kuwasha tanuri, amejiandikisha siku tatu za mateso ili aende mwendo wangu.

Tumepanda kilomita sita zilizobaki. Sijui kama ni mlima au ni kitu kingine kilichonibana kifuani. Nilipofika nyumbani nilimsaidia mke wangu kukunja shuka. Aliniuliza nina nini. Nikasema hamna.

Ijumaa, 14 Juni

Hatua ya kwanza. Washiriki sitini na mmoja. Vilima vidogo vidogo, upepo wa ubavuni. Shemeji alikaa mbele yangu njia nzima kunikingia upepo. Nilimwambia asante, na nilikuwa namaanisha. Tumemaliza wa hamsini na tisa na wa sitini. Yeye wa hamsini na tisa.

Nimeitazama karatasi ya matokeo. Tofauti ni sekunde moja. Mtu anayekusindikiza anahitaji sekunde hiyo ya nini?

Jumamosi, 15 Juni

Mlima wa Mnara, kwa kushuka. Nimegundua jambo ambalo penseli haikunionyesha: naogopa kushuka. Kona ya kwanza nilibana breki na sikuziachia tena hadi chini. Zilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya suruali. Mwenyekiti wetu alinipita kwenye gari la kamati, akanitazama kwa jicho lile la mkunga aliyeshaona wengi wakilia. Shemeji alikuwa nyuma yangu, akiniambia kwa sauti ya chini kona inayofuata inageukia wapi. Kona nilizozichora mimi.

Wa hamsini na nane, mimi. Wa hamsini na tisa, yeye. Kanipisha mstarini.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia nimemtangulia ndugu yake. Akauliza mapigo ya moyo yakoje.

Jumapili, 16 Juni

Naandika mezani, miguu ndani ya beseni.

Kilomita kumi na nne za kupanda. Nilizipanda. Hilo liandikwe kwanza, kwa sababu yanayofuata si ya kujivunia. Kumi za kwanza shemeji alikuwa ubavuni, akiongea habari za hamira ili nisifikirie miguu. Kilomita ya kumi na tatu mnyororo wangu ukachomoka. Alishuka, akalaza baiskeli yake majanini, akapiga magoti. Mnyororo ukambana vidole viwili. Damu ikatoka. Alinigeuzia tu usukani na kuniambia, "Panda, umekaa sawa."

Nikapanda. Yeye akageuka kuokota baiskeli yake. Niliona mgongo wake umeinama. Niliona barabara mbele, nyeupe, kilomita moja tu.

Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote.

Nimemaliza wa hamsini na sita. Yeye wa hamsini na saba, akiendesha kwa mkono mmoja. Mke wangu alikuwa mstarini na chupa mbili za maji. Nilimnyooshea mkono. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kitambaa chekundu kwa damu alichojifunga shemeji vidoleni.

"Umemwacha?" akaniuliza.

Hakupaza sauti. Chupa zote mbili akampelekea yeye.

Jumanne, 18 Juni

Leo alfajiri nimekwenda kwenye tanuri la mikate kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nikamkuta shemeji anajaribu kukanda unga kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji. Hotuba ikaniishia. Nikakunja mikono ya shati nikaingia kazini.

Nilikanda saa mbili nzima. Nilimwambia nimekosa. Alisema mlima humfanya mtu chochote, yamepita. Asubuhi mke wangu akaja kumwangalia, akatukuta tumesimama bega kwa bega, weupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Akacheka. Sijasikia kicheko kile tangu nilipolazwa. Akatumiminia chai wote wawili, na kikombe changu akakijaza. Nilijisikia mtu mpya kabisa, mtu asiye na haja ya kumtangulia yeyote.

Shemeji akavunja mkate mmoja wa kwangu, akautazama ndani, akasema nina mikono mizuri kuliko ya kwake. Wateja watatu walikuwepo. Wamesikia.

Wakati wa kuondoka nimemwuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, ikiwa waoka mikate nao huwa na mashindano yao. Akasema yapo, mwezi wa Septemba.

Nimemwomba aniazime kitabu chake cha vipimo. Kanipa bila kuuliza ninakitakia nini.