Buazza na Vita vya Karai la Sardini

Nyamazeni, enyi mnaokoroga chai yangu kwa kelele! Wekeni bilauri chini, mkunje miguu, msikie habari za Buazza mwana wa Lahsen, mvuta kamba wa bandari ya Asfi, simba wa gatini, mwenye mkono usiojua kufumba, ambaye kwa karai moja la sardini aliishika bahari nzima ikamngoja. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana nikishaanza sitaki fujo.

Siku zile bahari ilikuwa imefungwa, si kwa adui wala kwa dhoruba, bali kwa amri: sardini wanataga, waachwe wazae, wana wao wakue, ndipo nyavu zirudi majini. Amri ya haki, wala siipingi. Lakini mabaharia walikwisha kushona nyavu ambazo hazikuchanika, wakapaka rangi maboti yenye rangi, wakaanza kuwafundisha wake zao namna ya kukata vitunguu, na nyumba zikawaka moto wa ugomvi. Ndipo boti moja, la nahodha Hammadi, likaruhusiwa kutupa wavu mara moja tu na kuleta karai la samaki waliochotwa bila kuchaguliwa, wakubwa kwa wadogo, ili daktari Nezha, bingwa wa samaki, awapime mmoja mmoja. Wakubwa wakiwa wengi, bahari itafunguliwa. Watoto wakiwa wengi, mapumziko yanaongezwa mwezi mwingine.

Basi karai likashushwa, na wakubwa walikuwa wengi, wanene, wakimetameta. Lakini gari la daktari likazimika kwenye lango la bandari, na jeshi zima la mabaharia likaenda kulisukuma. Akabaki Buazza peke yake.

"Buazza, ndugu yangu," akasema Hammadi kabla ya kuwafuata, "usimpe mtu samaki hawa. Hata paka."

"Ewe nahodha! Labda wapite juu ya maiti yangu!"

"Maiti yako tuifanyie nini? Kaa hapo tu."

Paka wakaja, wakafukuzwa. Shakwe wakashuka kutoka angani, wakapigwa kwa kofia wakarudi walikotoka. Kisha akaja Lalla Tamo, mjane wa kilima cha wafinyanzi, bakuli mkononi. Nanyi mnajua wenyewe: kwetu boti likifika, mwenye chombo haondoki mikono mitupu, na mjane huchaguliwa walionona, maana kumpa vidogo ni kumtukana.

"Hujambo, mwanangu Buazza? Mwenzako nimesahau hata harufu ya sardini."

Loo, mkono ule! Mwenyewe alikuwa bado anatafuta maneno ya kukataa, na mkono umekwisha kushuka karaini, umeokota mnono, na mnono mwingine, hadi bakuli likafurika. Lalla Tamo akamwombea dua ndefu, akaenda zake. Buazza akabaki anatabasamu mpaka alipotazama karaini.

Hammadi alirudi mbio kuangalia, akashika kichwa. "Wakubwa wako wapi?"

"Nimempa Lalla Tamo."

"Wote? Wee Buazza! Hapa pamebaki vitoto vitupu! Daktari akivipima hivi, tumekwisha! Kimbia, gari linakaribia kuwaka!"

Akakimbia shujaa, kandambili moja ikabaki gatini, akakipanda kilima cha wafinyanzi huku mapafu yakilia. Njiani nyumbu mwenye mitungi ubavuni alimzibia kichochoro. Wakatazamana macho kwa macho, mfalme na mfalme, na nyumbu akapita kwanza.

Alipofika, mkaa ulikuwa mwekundu. Sardini walikuwa wazima bado, wamepakwa kitunguu saumu na bizari, na wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza amewekwa juu ya moto. Buazza akaruka, akamnyakua kwa vidole vitupu, akaungua, akapiga yowe lililosikika mpaka kwenye tanuri za vyungu.

"Ewe mama wa ukarimu!" akatangaza, akipuliza vidole. "Nimekuja na fedheha isiyo na mfano! Maboti yamefungwa, wanaume wanazeeka nchi kavu..."

"Buazza, unanipigia hotuba jikoni kwangu? Sema unachotaka."

"Nataka wale samaki."

Buazza akamweleza yote, sasa kwa sauti ndogo, akitazama chini.

"Tangu lini mwanamume wa Asfi akamdai mjane samaki aliompa kwa mkono wake?" akasema Lalla Tamo. "Haya, chukua. Ila usiniite mama tena."

Hilo ndilo lililomuumiza Buazza, kuliko moto. Mama yake mzazi alikwisha kufariki, na hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Alishuka kilima akikumbatia bakuli na machozi yakimtoka, nami nilimwona kwa macho yangu.

Akawarudisha karaini wote, na daktari Nezha akaanza kuwalaza kwenye ubao wa kupimia. Mara akasita, akanusa. "Jamani, mbona huyu ananukia kitunguu saumu?"

Buazza angeweza kudanganya, na Hammadi alikuwa akimkonyeza adanganye. Lakini Buazza akasimama mbele ya mabaharia wote, kandambili moja mguuni.

"Daktari, nilimpa Lalla Tamo, kisha nikamnyang'anya. Wote wamo, hajapungua hata mmoja. Aibu ni yangu."

"Mwongo huyo!" ikapasuka sauti kutoka langoni. Alikuwa Lalla Tamo, anahema, kanga ya kichwa imemwendea upande. Alikuwa amemfuata kilima kizima. "Hakuninyang'anya! Nimewaazima! Bahari iliishiwa samaki, nikaiazima wangu. Kuna mwenye neno?"

Daktari alicheka mpaka akafuta miwani.

"Kitunguu saumu hakimrefushi samaki," akasema, akapima hadi wa mwisho, akahesabu, akainua uso. "Wakubwa ndio wengi. Kafungueni kamba."

Honi za maboti zikalia zote pamoja, wanaume wakakumbatiana, na Hammadi akalibusu karai. Lalla Tamo alikwisha kuvishika vile vidole vilivyoungua, anavitia kwenye ndoo ya maji.

"Vinauma, mwanangu?"

"Vinauma, mama," akasema Buazza.