Maiki Tisa na Mvumo Mmoja

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimepata! Muthoni, Mkenya mwenzangu anayesimamia ukumbi wa muziki huko Sundbyberg, hapa hapa Uswidi, ameniita niendeshe sauti Jumamosi. Wanamuziki wa Kihindi. Muziki wa jadi, wa kuketi zuliani. Akiridhika, kazi ya kila wiki ni yangu, kwaheri ghala la vifurushi. Asiporidhika atamwita Sixte wa Hjulsta, Mrundi, fundi wa kwaya, bingwa wa kujifanya mpole. Nimemhakikishia Muthoni kwamba muziki wa Kihindi naujua ndani nje. Si uongo sana. Filamu nimetazama.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwimbaji, Bi Sharvari, ameagiza maiki nne. Moja ya sauti yake, mbili za ngoma, moja ya ala iitwayo tambura. Nne! Mtu haajiriwi kwa maiki nne. Nimeamua tisa. Tano nimezitoa kanisani kwetu Hagsätra, nikamwambia Mchungaji Évariste zinakwenda kusafishwa. Amenishukuru kwa moyo wa kujitolea. Rita, mke wangu, ameuliza tangu lini maiki huoshwa. Nimemwomba asiingilie mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sixte kapiga simu. Eti ananitakia heri. Akauliza tambura nimeichagulia maiki gani. Nikasema ile nene ya mhubiri. Akanishauri, taratibu kama kawaida yake, nitumie ndogo nyeti, niisogeze karibu na tumbo la ala, na nisiizime hata kidogo. Wivu umemjaa mpaka shingoni. Nitafanya kinyume.

Ijumaa, 10 Oktoba

Majaribio. Bi Sharvari kaketi, katazama maiki tisa, kasema kwa upole kwamba haoni viti vya watu. Nimesogeza mbili.

Kisha akafumba macho, akaitia maiki neno moja: Sa. Akanyamaza. Tena: Sa. Mimi nina adabu zangu. Nikajibu kwenye spika zote kwamba poa. Akafumbua macho. Akarudia, safari hii akivuta, Sa, Sa. Nikasema poa kabisa mama, labda wewe? Mpiga ngoma akaangusha nyundo yake ndogo ya kukazia ngoma. Muthoni akaja mbio kunieleza kwamba Sa ni noti yao ya kwanza, ile tunayoiita do. Basi si angesema do.

Shida kubwa ni nyingine. Kuna mvumo. Wakiketi tu unaanza, na hauishi. Mimi na mvumo ni maadui wa zamani; kanisani nilihangaika nao miaka, kumbe ni friji ya jikoni. Nimebadilisha waya. Nimechomoa friji ya ukumbi. Bado upo! Mwishowe nimeunasa: unaingilia maiki ya tisa, ya tambura. Mpwa wa Bi Sharvari anakwangua nyuzi zile zile nne tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo haujui. Maskini, bado anajifunza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ukumbi umejaa. Nimezima maiki ya tisa. Kimya safi, cha kitaalamu.

Bi Sharvari akaacha kuimba. Akaashiria tambura. Nikamwinulia dole gumba. Akaanza tena, akaacha tena. Watu wakageuka kunitazama. Ndipo Sixte, ambaye kumbe alikuwa kati ya watazamaji, akaja mpaka mtamboni, akasema samahani kaka, akapandisha kitufe kimoja. Mvumo ukarudi. Mama yule akafumba macho na kuimba bila kusimama. Muthoni alilia. Mimi nilisisimka mwili mzima, lakini ni baridi tu, mlango ulikuwa wazi.

Baadaye Bi Sharvari alinifuata. "Ule mvumo, ndugu yangu, ndio sakafu," alisema. "Mimi nasimama juu yake."

Nimemwahidi kuleta fundi wa umeme.

Jumapili, 12 Oktoba

Maiki za kanisa nimezisahau Sundbyberg. Mchungaji amehubiri kwa koo tupu, huku akiwaomba waumini waniombee kwa usafi ninaoufanya.

Muthoni kaandika. Kazi kapewa Sixte. Nimeumia, nisijidanganye. Nilishamwambia msimamizi wa ghala maneno ambayo hayarudi kooni. Jioni Sixte kapiga simu: ameniombea nafasi ya kubeba waya. Rita kaniambia nikubali na nimsikilize. Nimekubali, ili nimchunguze.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika nyuma ya pazia, watu wanaingia. Leo ni wazee wa Kiswidi na nyckelharpa, zile fidla zao za vitufe. Sixte kaweka maiki tatu tu, kaenda kunywa kahawa.

Nimewasikiliza kwa makini wakijaribu ala. Chini ya wimbo, kuna mvumo! Sixte hakuusikia. Masikio ya Hjulsta hayo.

Maiki zote tatu nimeshazichomoa. Leo Muthoni atajua fundi ni nani.