Kumwona Daktari kwa Bei Ileile

Kwa niaba ya Kitengo cha Bei za Huduma za Wagonjwa wa Nje, ninayo heshima ya kuutangazia umma kwamba gharama ya kumwona daktari haijapanda kwa mwezi wa ishirini na sita mfululizo.

Wabishi hawakosi. Shemeji yangu anadai wiki jana alilipa mara tatu ya bei ya zamani kwa kikohozi kilekile. Nikamweleza taratibu kwamba yeye alilipa kama mtu, sisi tunapima wastani. Hajaniamkia tangu hapo.

Siri yetu ni utaratibu. Mwongozo unasema huduma ikikosekana kwa bei ya zamani, itafutwe mbadala. Daktari alipopanda bei, tukamwandika tabibu msaidizi. Tabibu naye akapanda, tukamwandika muuguzi. Bei ya muuguzi ilipopaa, tukatua kwenye dirisha la mapokezi, ambapo dada mmoja huuliza unaumwa nini, akishaambiwa husema pole. Pole hiyo, kwa bei ileile, ndiyo inayosomeka kwenye takwimu zetu kama kumwona daktari. Na ni pole nzuri, nimeikagua mwenyewe.

Anayekusanya bei kliniki kwa kliniki ni mama mmoja mkavu tunayemwita Bi Kalamu. Kazi anaijua, ila ana tabia ya kuchanganya mambo ya nyumbani na sayansi. Mama yake mzazi ana presha, na kadi ya matibabu ya watumishi na wazazi wao hulipa bei ya takwimu tu. Waraka wa Mkurugenzi wetu unasema kliniki ikimtoza mwenye kadi hata senti ya nyongeza, inafungwa. Basi kila mwezi bibi huyo alifika dirishani, akapewa pole, akarudi nyumbani na kizunguzungu chake.

“Bosi,” Bi Kalamu aliniambia, “mama atakufa na pole zenu.”

Nikamshauri aandike barua. Aliandika nne. Zote nilizipokea na kuzipa namba.

Ikatokea Mkurugenzi akaota jipu, pale hasa mtumishi wa umma anapokutana na kiti chake. Siku mbili aliongoza vikao amesimama, waandishi wa habari wakasifu uchapakazi wake. Siku ya tatu nilimpeleka kliniki ya nyuma ya ofisi, kwa miguu, maana gari lina viti. Bi Kalamu alikuwepo na fomu zake; mama yake alikuwa benchini, wa kwanza kwenye foleni. Mkurugenzi akawapita wote, kama wadhifa unavyotaka, akatoa kadi.

Dada wa dirishani akamwandika kwenye daftari, akamtazama kwa huruma ya kweli. “Pole sana, mzee. Anayefuata.”

Mkurugenzi akajitambulisha. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu waraka wenye sahihi yake ulikuwa umebandikwa ukutani. Akatoa pochi, akaomba atozwe kama mtu yeyote, hata zaidi. Dada akasema kadi imeshaandikwa, akipokea hela hiyo kliniki inafungwa. Mkurugenzi akanigeukia, jasho linamtoka, akaniamuru nifanye kitu.

Nikamkumbusha kwamba bei hubadilika kwa fomu iliyojazwa na mkusanyaji na kusainiwa na Mkurugenzi mwenyewe. Bi Kalamu alikuwa ameshaanza kujaza. Kwenye huduma akaandika: daktari, yule wa kweli. Kwenye bei akaandika mara tatu ya ile ya zamani.

“Andika ongezeko dogo,” Mkurugenzi akanong'ona.

“Naandika lililopo, mzee.”

Akasaini ameegemea ukuta. Bi Kalamu akamwekea fomu nyingine kumi, za kliniki zilizobaki, kwa maelezo kwamba wastani hauhamishwi na kliniki moja. Akazisaini zote kumi, moja moja, akiguna. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwa kasi ile.

Dada akazisoma, akagonga muhuri, akaita aliyekuwa mbele kwenye foleni, maana Mkurugenzi alishatumia zamu yake. Mama yake Bi Kalamu akainuka polepole, akashika mlango wa daktari, kisha akageuka kumwonea huruma Mkurugenzi.

“Njoo ukae hapa nilipotoka, mwanangu. Kusimama kutakuumiza.”

Mkurugenzi alishukuru, akabaki ukutani. Bibi alikaa kwa daktari dakika arobaini.