Mama wa Kiboko Alivaa Njano

Asubuhi hiyo kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Mpanda kilikuwa na habari moja tu: jana yake, kwenye banda la video la Kelvin, watazamaji waligoma kutoka wakidai katuni imekatwa.

Severini, ambaye wote humwita DJ Seve kwa kuwa hutafsiri filamu kwa maiki kwenye banda lake mwenyewe, alishika kikombe akatega sikio. Kelvin ni mshindani wake, na raha aliyoisikia ilimjaa mpaka usoni.

"Mtoto wa kiboko anamtafuta mama yake filamu nzima," alilalamika Ubaldo, dalali wa maharage ya Mishamo, ambaye kwa ubishi wake wamembatiza Wakili. "Mto umekauka, fisi wanamkimbiza. Anafika kwenye maji, jike moja linainua kichwa, linageuka... giza. Majina ya Wazungu yanaanza kupanda. Ule ni uhuni."

"Ndio fasheni ya sasa," akasema Profesa, dereva wa bajaji aliyejipa cheo hicho mwenyewe. "Wanakuachia umalizie kichwani."

"Nilipe kiingilio halafu kazi nifanye mimi? Kichwa changu kimejaa bei za maharage."

Mama Kashata, anayewamiminia kahawa, alisonya. "Kwa DJ Seve mbona tuliiona kamili? Mama anamtambua mwanawe kwa kovu la sikioni, analia, anamfanyia sherehe. Nililia mpaka kilemba kikalowa. Wazungu wanajua kumaliza hadithi, nyie."

Hapo ndipo raha ya Severini ilipotumbukia nyongo. Kovu, machozi na sherehe vilikuwa vyake. Siku alipoionyesha, filamu iliisha watoto wakakataa kuinuka, naye akaendelea kusimulia mpaka majina yakaisha. Leo wanasifiwa watu wasiojua hata Mpanda iko upande gani. Ilimuuma hasa.

"Filamu inaishia palepale ilipoishia kwa Kelvin," alisema. "Sherehe niliitunga mimi."

Kijiwe kikaangua kicheko.

"Wewe?" Wakili alijifuta machozi. "Nyumba yako imeishia kwenye lenta tangu uchaguzi uliopita, leo uwamalizie Wazungu katuni?"

"Skrini ilikuwa nyeusi, jamani. Mlisikia sauti yangu tu."

"Usituzingue, DJ," akadakia Mama Kashata. "Mama kiboko alivaa kitenge cha njano, nimemwona kwa macho yangu."

"Mbona mimi sikutaja kitenge?"

"Si unaona? Hukutaja, na sisi tunakijua. Tungekijuaje kama hatukukiona?"

"Na MC alikuwa ngiri," akaongeza Profesa. "Kavaa tai shingoni."

Severini alikuwa ametunga sherehe ndogo tu, sasa ina nguo na MC, na yeye mwenyewe hayumo.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Kelvin, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaenda moja kwa moja kwa Severini bila hata kusalimia wengine.

"Kaka, wateja wananitoa roho. Nisaidie kile kipande cha mwisho. Siku ile nilijibanza nyuma bandani kwako, nikakiona chote."

"Kipande gani, mdogo wangu?"

"Cha sherehe. Tena usinipe cha kuungaunga, nataka kile chenye kitenge cha njano."