Nafasi Sita za Kuhama

Jumatatu, 2 Juni 2003
Siku ya thelathini na nane ya ndoa! Muema wangu anasomea uhandisi mbali, kule magharibi. Namwona mara moja kwa mwezi. Mwezi! Nimeamua ahamie chuo fulani cha Nairobi, awe akirudi Machakos kila jioni. Wanasema chuo hicho huchagua wanafunzi kama mtu anayechagua mawe kwenye ndengu. Wachague. Muema si jiwe.

Jumatano, 4 Juni
Nimechukua fomu. Khadija wa duka la taipu ameniambia nisipoteze karatasi: mwaka jana waliomba mia tisa, wakakubaliwa sita. Sita! Mimi nahitaji nafasi moja tu. Hizo tano wapewe wengine.
Muema yuko kwenye mtihani, nimemjazia mwenyewe. Penye sababu ya kuhama waliacha mistari minne. Minne, kwa mapenzi yangu! Nimeandika hadi pembeni.

Ijumaa, 6 Juni
Fomu imeondoka, siku ya mwisho kabisa. Majibu yatakuja kwa sanduku la posta la baba mkwe, Mzee Kilonzo. Wifi yangu Kavutha amesema hajawahi kuona mwanafunzi akihamishwa na mkewe. Ataona.

Jumanne, 24 Juni
Aibu. Barua imefika. Baba mkwe ameiweka mezani bila kuifungua, watu wote wakiwa wanakunywa chai.
"Mwelu, huyu Bwana Wakwa anayepokea barua kwa sanduku langu ni nani?"
Masikio yaliwaka moto. Penye jina la mwombaji nilikuwa nimeandika Mwendwa Wakwa. Kwa Kikamba, mpenzi wangu! Ndivyo ninavyomwita kila siku, mkono ukaandika wenyewe. Sasa nitamke neno hilo mbele ya baba mkwe, mimi ambaye hata uji humwekea nikitazama chini? Nikaongeza chai kwenye vikombe vilivyojaa. Mama mkwe akaanza kunitazama vibaya.
Kavutha ndiye aliyejibu. "Ni kijana wako, Baba. Amebatizwa upya."
Mzee alitoka nje, akakohoa mpaka zizini.
Barua yenyewe fupi: wameuliza chuoni kwake, hakuna mwanafunzi wa jina hilo. Maombi yamefungwa hadi mwaka ujao.

Jumatano, 25 Juni
Nimempigia Muema kutoka kibanda cha simu. Aliniomba, kwa upole (ana upole jamani!), nisiguse fomu tena. Atajaza mwenyewe mwaka ujao.
Mwaka mzima! Hapana. Nimeisoma barua upya, polepole. Aliyekataliwa ni Bwana Wakwa. Muema wangu hajakataliwa na mtu yeyote!
Kesho naenda Nairobi kuwaeleza ana kwa ana. Khadija amenipigia taipu barua ya kujitambulisha, akitikisa kichwa. Nimetia sahihi kwa wino mwekundu: Bi. Wakwa. Ili wasisumbuke kutafuta faili.