Simu Yangu Inaumwa

Jumatatu, 3 Juni
Meneja katutangazia kiwandani: atakayeonekana Alhamisi kwenye maandamano ya kupinga kufungwa kwa zahanati asirudi kwenye cherehani yake. Simu ya mtu husema alikokwenda, anasema. Akanitazama mimi. Wakifunga zahanati, mke wangu atajifungulia wapi, juu ya marobota ya vitambaa? Nitakwenda. Liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Juni
Mpango tayari. Simu itabaki kitandani, imewashwa, ikiumwa kwa niaba yangu. Mimi barabarani, kwa barakoa na koti la shemeji. Mke wangu kauliza kama tumweleze mama yake, aliyekuja kumsaidia. Nimekataa katakata. Ukuta una masikio, sembuse mama mkwe.

Jumatano, 5 Juni
Nimekohoa kutwa nzima ili kesho waamini naumwa. Mtunza stoo, kibaraka wa meneja, anadai kikohozi changu huanza meneja akipita. Fitina tupu.

Alhamisi, 6 Juni
Umati! Hata jirani yangu wa cherehani alinipita bila kunijua. Nikaimba mpaka sauti ikakauka. Miaka mingi sijajisikia mtu kiasi kile.
Mara kipaza sauti kikakatiza nyimbo. Kikataja jina langu, la baba na la babu. Fundi wa kola, kiwanda cha sare. Asogee mbele, mama mkwe wake kamletea simu aliyoisahau, na dawa ya kikohozi.
Kumbe bango la maandamano nililificha chini ya kitanda chake, naye alilisoma.
Nikainamisha kichwa. Mama mkwe mwenyewe akaongeza: koti la kijani, limechanika kwapani. Watu wakaanza kukagua makwapa. Nikaenda, nikamwamkia. Akanivua barakoa apime homa. Wapiga picha walikuwa tele.

Ijumaa, 7 Juni
Nimesimamishwa kazi. Mtunza stoo kabandika picha yangu ya gazetini mlangoni, mkono wa mama ukiwa kwenye paji langu. Meneja kasema nikionekana tena, kazi sina. Lakini zahanati haijafungwa. Wameahirisha hadi mwisho wa mwezi, na mtoto hajui kuahirisha. Jumanne tunarudi barabarani, nami nimo.
Mpango haukuwa na kasoro. Nyumba ndiyo iliyoniponza. Safari hii simu nitamwachia kinyozi wetu. Nimemweleza kila kitu, na wateja wote waliokuwa kwenye benchi wameapa kunyamaza.