Idara ya Kulegeza Mabega

Umma wote wa Thika na Ruiru ulitangaziwa, kwa kipaza sauti na kwa karatasi iliyobandikwa ukutani pale stesheni, kwamba kuanzia mwaka huo wa 1957 Serikali ingeyashughulikia mabega ya watu. Mikono yetu ilikuwa imeshughulikiwa zamani, kwa kazi. Miguu ilishughulikiwa kwa pasi za kusafiria. Kichwa kilikuwa na kodi yake. Mabega peke yake ndiyo yaliyokuwa yamesahauliwa, na Serikali ilisema inasikitika.

Mimi, Waithira, nilikuwa mmoja wa wakandaji watatu waliochaguliwa kufundishwa kazi hiyo. Sifa zilizotakiwa zilikuwa mikono yenye joto na barua ya mchungaji. Mwenzangu mmoja alikuwa Syokau, aliyezaliwa Machakos, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi. Mwingine alikuwa Dalmas, aliyewahi kufunga vidonda hospitalini na ambaye hakukubali tusahau jambo hilo.

Mwalimu wetu alikuwa Mzungu mwenye jina refu. Watu walimwita Bwana Mabega, kwa sababu mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni na hayakushuka hata Jumapili. Msaidizi wake alikuwa karani Ephantus, mtunza kanuni. Ephantus alikuwa mkali, lakini kila asubuhi aliiweka chupa ya mafuta ndani ya koti lake, chini ya kwapa, ili yasiwaguse wagonjwa yakiwa baridi. Hakuna kanuni iliyomtuma kufanya hivyo.

Mafundisho yenyewe yalikuwa mazuri, sitayasema vibaya. Bwana Mabega alitueleza kwamba wakata mkonge wa shamba moja kubwa la Ruiru walikuwa wakilalamikia migongo, vichwa na matumbo, na picha za eksirei hazikuonyesha kitu. Huko Ulaya wataalamu walikuwa wamegundua kwamba wazo likisongwa sana hukimbilia ndani ya nyama na kujificha humo. Mkandaji alitakiwa kulitafuta kwa vidole, apumue taratibu pamoja na mgonjwa, kisha aulize kwa upole, "Unabeba nini?"

Tulipowajaribu wakata mkonge wa kwanza, wengine walilia. Walikuwa watu ambao kwa miaka mingi hawakuulizwa kitu na mkubwa yeyote ila namba zao.

Tatizo lilikuwa majibu.

"Unabeba nini, baba?" Syokau alimwuliza mzee mmoja.

"Nyapara."

"Na wewe, kijana?"

"Huyo huyo. Nafikiri tunampokezana."

Bwana Mabega alisikia, akatoka nje, akatembea huku na huku. Aliporudi alikuwa na kanuni mpya, na Ephantus alitusomea akiwa amesimama wima. Kazi, mshahara, nyumba, chakula na nyapara havikuwa maradhi. Vilikuwa siasa, na siasa ilikuwa na mahali pake tayari, penye seng'enge pande zote. Mgonjwa angeruhusiwa kubeba vitu vitatu tu: baridi, ndoto mbaya, au mama mkwe. Kitabu cha wataalamu wa Ulaya kilikuwa kimemtaja mama mkwe waziwazi.

"Na asiye na hata kimoja?" Dalmas akauliza.

"Huyo hana sababu," Ephantus akajibu. "Asiye na sababu ni mvivu. Mvivu anaachishwa kazi na kuhama nyumba ya shamba. Mwenye sababu anapewa kazi nyepesi mpaka apone."

Kwa kuwa jua la Ruiru lilikuwa linachoma hata mawe, baridi ilifutwa mpaka Juni. Ndoto nazo zilihitaji usingizi, na wakata mkonge walioamshwa kabla ya jogoo hawakuwa nao. Akabaki mama mkwe. Watu walimshukuru Mungu kwa ajili yake. Wanaume walimtaja kwa sauti, wakaenda kuanika nyuzi za mkonge juani, kazi ambayo ni nyepesi kuliko kukata. Hata waseja walimtaja. Bwana Mabega aliandika Nairobi kwamba Idara imevumbua chanzo cha maumivu yote ya wilaya, na Nairobi ikampongeza.

Ndipo akaja Barasa.

Barasa alikuwa mkata mkonge mrefu, mtu wa kutoka Bungoma. Shingo yake ilikuwa imekaza upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alivua viatu mbali kabisa ili asichafue mkeka wetu. Mke wake, Nafuna, alikuwa amejifungua karibuni, nao walikaa na mtoto katika chumba kimoja cha shamba.

"Unabeba nini, Barasa?" nikamwuliza.

"Mama, unajua ninachobeba."

"Ninajua. Taja kinachokubaliwa."

Akakataa kwa mkono. Dalmas akacheka. "Bwana, si useme mama mkwe uende zako! Mimi mwenyewe nimemsema wangu, na bado sijaoa."

"Wewe ni wewe," Barasa akasema. "Kwetu nikikutana naye njiani ninaingia kichakani apite. Simpi mkono. Siketi anapoketi. Sasa nimlaze hapa mbele ya watu nimwambie ndiye maradhi yangu?"

"Hayuko hapa. Yuko Bungoma."

"Unaona yule pale mlangoni? Ni mtu wa kwetu. Hilo neno litafika Bungoma kabla ya basi." Akapumua. "Na si hilo tu. Ng'ombe wangu wa mahari walipokufa njiani, wajomba walisema msichana arudi nyumbani. Ni yule mama aliyesimama akasema, 'Mwacheni, atalipa.' Sitamuuza kwa ajili ya shingo."

Ephantus alilifunga daftari lake la kanuni. Kisha, kwa huruma, akampa muda mpaka siku ya mtihani wetu. Siku hiyo Barasa angeulizwa mara ya mwisho. Asipotaja kitu, angeondoka na mke na mtoto mchanga, na mahali pa kwenda hapakuwapo.

Mtihani ulifanyika Ruiru, katika ghala la shamba. Nyuzi zilikuwa zimesukumwa pembeni na mkeka kutandikwa katikati. Bwana Mkubwa wa Idara alikuja kutoka Nairobi kuuona uvumbuzi kwa macho yake. Alikuja na mkewe, Memsahibu mwenye kofia ya maua. Nao, kama kila mpishi wa Thika alivyojua, walikuwa wazazi wa mke wa Bwana Mabega. Nyumba aliyoishi Bwana Mabega, gari lake na Idara yenyewe vilikuwa vimetoka kwa baba mkwe. Memsahibu alipewa kiti karibu na mkeka ili aone vizuri.

Syokau alifaulu. Dalmas alifaulu, akaanza kueleza habari za vidonda mpaka akaombwa akae. Zamu yangu ilipofika, mgonjwa aliyeitwa alikuwa Barasa. Nafuna alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, na kifurushi chao cha vyombo kilikuwa kimekwisha kufungwa.

Nikamkanda. Nikapumua naye. Nikamwuliza.

"Mama, mikono yako ni mizuri," akasema, "lakini sina cha kusema."

Bwana Mabega akaruka. "Wewe iko mvivu! Sababu hapana! Maliza yeye! Leo yeye natoka nyumba!"

Kisha akageuza kichwa haraka kumtazama baba mkwe wake, aone kama amependezwa.

Sote tuliusikia mlio: kach! Shingo ya Bwana Mabega ikakwama hapo hapo. Ilikwama ikielekea upande, na upande huo alikuwa amekaa Memsahibu.

"Aiya!" Syokau akanong'ona. "Wazo limeingia nyamani."

Alijaribu kuirudisha, akapiga kelele. Ephantus akafungua kanuni zake kwa utulivu. "Mgonjwa yeyote atakayetokea siku ya mtihani atashughulikiwa na mwanafunzi aliye mkekani. Bwana, tafadhali vua viatu."

Tukamlaza. Alilala ubavu, akimtazama Memsahibu bila kuwa na mahali pengine pa kutazama. Nilimwonea huruma. Mabega yake yalikuwa magumu kuliko ya mkata mkonge yeyote niliyemgusa. Chini ya vidole vyangu yalitetemeka kama ndege aliyeshikwa. Nikayapasha joto kwanza. Nikapumua, naye akajaribu kupumua.

"Bwana," nikamwuliza kwa upole, kama alivyotufundisha, "unabeba nini?"

Akafumba macho.

Ephantus, kwa kuwa hakubagua mgonjwa, akamkumbusha. "Baridi imefutwa mpaka Juni. Bwana alilala?"

"Hapana lala."

"Basi hakuna ndoto. Amebaki mama mkwe tu. Bwana anaweza kutaja bila woga."

Memsahibu alikuwa na Kiswahili cha jikoni, na kilimtosha. Akainama mbele, maua ya kofia yakacheza. "Yeye nasema nini juu ya mimi?"

Jasho lilimtoka Bwana Mabega hadi likalowesha mkeka. Nikasikia chini ya mikono yangu kitu kikipanda, kikipanda, kisha kikapasuka.

"Kazi!" akalia. "Kazi mingi sana! Nyumba iko navuja! Mshahara kidogo! Na mkubwa yangu nasimama juu ya mimi kila siku kama..."

Akakumbuka mkubwa wake ameketi wapi. Lakini shingo ilikuwa imekwisha kuachia. Ilirudi katikati, laini kama uji. Mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza Ruiru nzima ikaona kwamba Bwana Mabega alikuwa na shingo ndefu.

Watu wakapiga makofi. Ni Ephantus peke yake aliyeendelea kusoma. "Kazi, nyumba na mshahara si maradhi. Mgonjwa hana sababu. Asiye na sababu ni mvivu. Mvivu anaachishwa kazi na kuhama nyumba." Akamgeukia Bwana Mkubwa kwa heshima. "Je, atahamia wapi, Bwana?"

Bwana Mkubwa akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama mkwe wao mkekani.

"Kwangu hapana," Memsahibu akasema.

Bwana Mkubwa alikohoa. Akasimama. Akatangaza kwamba baada ya uchunguzi wa kina, Serikali imeridhika kwamba kazi yaweza kumkaza mtu shingo.

"Kwa wote, Bwana?" Ephantus akauliza, kalamu mkononi. "Au kwa huyu tu? Kwa huyu tu itabidi niandike ni kwa nini."

"Wote, wote," Bwana Mkubwa akasema, akitafuta kofia yake.

Sikungoja. Nikamwita Barasa arudi mkekani, nikaweka mikono. "Unabeba nini, baba?"

"Kazi," Barasa akasema. "Chumba ambamo mtoto wangu anakohoa. Nyapara anayetupiga mateke tukiinama." Alisema taratibu, moja baada ya moja. Shingo haikurudi yote, maana chumba kilikuwa bado pale pale, lakini ilirudi kiasi cha kumwezesha kumwona Nafuna mlangoni bila kugeuza mwili. Nafuna akaketi chini akaanza kukifungua kile kifurushi.

Kanuni ya wenye sababu ilifuatwa kwa wote wawili bila upendeleo. Barasa alipewa kazi nyepesi ya kuanika nyuzi. Bwana Mabega, kwa kuwa Memsahibu aliona ni vyema apone kabisa kabla ya kurudi mezani kwake, alipewa hiyo hiyo. Siku ya kwanza Barasa alimkuta amesimama juani bila kofia, akaenda akamletea gunia la kujifunika kichwa. Nyapara naye alikuwa mtu wa haki. Aliwafokea wote sawasawa.

Juma lilipokwisha nilifungua mlango wa ghala asubuhi, nikakuta mstari wa wakata mkonge umezunguka ukuta. Katikati ya mstari alikuwa Bwana Mabega, gunia kichwani, viatu mkononi. Hakuomba kupita mbele. Zamu yake ilipofika alilala mwenyewe, na mabega yalikuwa yamepanda tena.

"Unabeba nini, Bwana?" nikamwuliza.

Hakusita hata kidogo.

"Nyapara," akasema.

"Pole sana, ndugu," mstari mzima ukaitikia.